Herufi moja, siku 30 na godoro: kisa cha binti wa Sahare kuingia chuo kikuu

Nina steshenari ndogo Ngamiani, jijini Tanga, kwenye mojawapo ya barabara zetu za namba. Kuna mashine ya kutoa kopi, kompyuta mbili, skana, na benchi la mbao nje kwa wanaosubiri. Kabla ya hapo nilifundisha jiografia sekondari kwa miaka 27, ndiyo maana wateja huniita mwalimu, hata wale ambao sikuwafundisha. Kila mwaka kuanzia Julai mpaka Oktoba benchi lile halipumziki, maana ni msimu wa kuomba vyuo na mikopo. Nimejaza fomu za vijana wengi hapa. Kati ya wote, kuna mmoja ambaye kisa chake hunirudia kila msimu ukifika. Ameniruhusu nikieleze, mradi nisitaje jina lake wala la chuo alichosoma.

Nakieleza kwa sababu kinaonyesha pale hasa anapokwama mtoto wa nyumba ya kipato cha kutwa akielekea chuo kikuu cha umma. Tukizungumzia jambo hili, wengi wetu huuliza mawili tu: amefaulu? Amepata mkopo? Binti huyu alifaulu, na mkopo aliupata. Vilivyokaribia kumkosesha chuo ni herufi moja kwenye cheti, kifo ambacho hakikusajiliwa, na shilingi 413,400.

Nyumba aliyotoka

Ni mtoto wa pili kati ya wanne, wa Sahare, hapa hapa Tanga. Babu yake mzaa baba aliletwa Tanga kama manamba, yaani kibarua wa mkataba wa mashamba ya mkonge. Wenyeji wa mkoa huu wanalijua neno hilo na uzito wake. Mkonge wenyewe ulifika mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf alipoagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62, ikapandwa Kikogwe, upande wa Pangani. Kutokana na miche ile 62 yalikuja mashamba yaliyofunika mkoa, reli ndogo za mashambani, na makambi ya watu waliotoka mbali kwa mkataba, wakaishia kuzikwa huku huku. Babu huyo alikata mkonge mpaka mgongo ukagoma. Mwanawe hakutaka hata kulisikia shamba, akaenda baharini. Mke wa mwanawe anakaanga samaki jioni, karai moja na meza moja kando ya njia. Kazi zimebadilika vizazi hadi vizazi, lakini mfuko umebaki ule ule: ukifanya kazi leo utakula leo, ukiumwa kesho watoto watalala na uji.

Kaka yake mkubwa aliacha shule mwaka 2014, akiwa kidato cha tatu, kwa ajili ya ada na michango. Ada ya shule ya kutwa wakati ule ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, na nyuma yake kulikuwa na foleni ya michango: mlinzi, dawati, mitihani ya kujipima, chakula cha mchana. Binti aliingia kidato cha kwanza Januari 2016, mwezi ule ule serikali ilipofuta ada mpaka kidato cha nne. Ndugu wa tumbo moja, nyumba moja, na mimi niliyewaona wote wawili siwezi kusema nani alikuwa na akili zaidi. Aliyezaliwa nyuma akasoma. Ninaposikia watu wakibishana kama kufuta ada kulikuwa na maana, huwa nawakumbuka wale wawili.

Akiwa kidato cha pili, baba yake alifariki. Aliugua siku nne, akafia nyumbani alfajiri, akazikwa baada ya sala ya alasiri siku ile ile. Naomba msomaji alishike hilo, maana tutalirudia.

Kidato cha nne alifaulu, akapangiwa shule ya serikali ya bweni mkoa mwingine, mchepuo wa historia, jiografia na uchumi. Ada ya kidato cha tano na cha sita ilikuja kufutwa kuanzia mwaka wa fedha 2022/23, na yeye alimaliza mtihani Mei 2022. Ilimpita kwa miezi miwili. Alilipiwa kwa samaki wa mama yake na bodaboda ya kaka yake. Matokeo ya Julai yalipotoka: jiografia B, uchumi C, historia C. Divisheni wani ya pointi 8, kwa hesabu ya Baraza la Mitihani ambayo pointi chache ndiyo ufaulu mkubwa. Sharti la chini la kuingia shahada ni kufaulu masomo mawili kwa kiwango cha prinsipo yenye jumla ya pointi 4 kwa hesabu ya Tume ya Vyuo Vikuu, ambayo A ni 5, B ni 4 na kuendelea kushuka. Kwa hesabu hiyo alikuwa na 10. Kwa upande wa ufaulu hakuwa na deni na mtu.

Herufi K

Alikuja dukani asubuhi na mama yake. Mama alikuwa na bahasha ya kaki iliyokunjwa mara nne, ameibana kwapani ndani ya mtandio. Nikawasalimu, binti akaniamkia, nikamwaga karatasi zote juu ya kaunta kama ninavyofanya kwa kila mteja wa mkopo. Huwa nazipanga mstari: cheti cha kuzaliwa, matokeo ya kidato cha nne, matokeo ya kidato cha sita, kitambulisho kama kipo, cheti cha kifo kama mzazi hayupo. Halafu nasoma majina kwa kidole, herufi kwa herufi. Nilianza mtindo huu mwaka wa pili wa duka, baada ya kuona watoto wawili wakilia mbele yangu siku moja.

Kidole kilipofika jina la baba kikasimama. Cheti cha kuzaliwa: Khamisi. Matokeo ya mtihani, yote mawili: Hamisi.

Msomaji wa bara anaweza kushangaa, lakini sisi wa pwani tunajua. Hamisi, Hamis, Khamis, Khamisi, ni mtu mmoja akiitwa na majirani wanne. Aliyeandika cheti aliandika alivyosikia, na mwalimu aliyeandikisha darasa akaandika alivyozoea. Hakuna aliyekosa kwa makusudi. Ila mfumo wa kompyuta haujui kwamba majirani wanamwita mtu mmoja. Unalinganisha herufi. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, kabla ya kuambatanishwa kwenye ombi la mkopo, na jina la kwenye cheti lisipofanana na la kwenye matokeo, ombi linabaki na kasoro.

Dawa yake ipo: hati ya kiapo mbele ya wakili kwamba majina yote mawili ni ya mtu yule yule, kisha kuambatanisha. Ni karatasi moja yenye stempu na mhuri. Kwa mtu mwenye mshahara ni jambo la asubuhi moja. Kwa mama anayekaanga samaki ni faida ya jioni tatu au nne, na nauli ya bajaji juu yake, na siku ya kukosa kwenda mwaloni kupata samaki wa bei nzuri.

Nikauliza cheti cha kifo cha baba. Mama akanipa karatasi ndogo ya kibali cha mazishi kutoka serikali ya mtaa.

"Hiki ni kibali, mama. Cheti chenyewe kiko wapi?"

"Ndicho hicho tulichopewa, mwalimu."

Watu wengi hapa Tanga wanaamini kibali cha mazishi ndicho cheti cha kifo. Sivyo. Kifo kinatakiwa kusajiliwa, na sheria inataka kisajiliwe ndani ya siku 30. Kikipita hapo ni usajili wa kuchelewa, wenye barua zaidi, viapo zaidi na safari zaidi. Nikamweleza hivyo, kwa upole, nadhani. Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema maneno ambayo sijayasahau:

"Siku 30 mimi nilikuwa ndani, mwalimu. Ningetokaje?"

Alikuwa eda. Miezi minne na siku kumi, mjane wa Kiislamu anakaa nyumbani. Nimeishi pwani maisha yangu yote, nimeingia nyumba za eda mara nyingi nikiwa na kanga ya mkono wa pole, na haikunipitikia hata siku moja kwamba siku 30 za sheria zinaanza na kuisha mjane akiwa bado hajavuka mlango. Angeweza kwenda mtu mwingine, ndiyo. Baba mdogo yupo Pangani, alikuja mazikoni, alikaa matanga. Lakini hakuna aliyemwambia, na yeye pia aliamini kibali kinatosha. Msibani kuna mtu wa sanda, mtu wa kaburi, mtu wa sufuria, mtu wa kupokea rambirambi na kuandika kwenye daftari. Mtu wa kusajili kifo hana jina katika orodha ile.

Kwa nini karatasi hiyo ilikuwa na uzito? Kwa sababu Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, inatoa kipaumbele kwa wahitaji, na yatima ni miongoni mwao. Kwa binti huyu, cheti cha kifo cha baba ndicho kilichobeba maelezo yote ya umaskini wa nyumba yao. Nyumba yenyewe haikuwa kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini, kwa hiyo hakukuwa na karatasi nyingine ya kulisemea hilo. Kwenye mfumo, bila cheti kile, alikuwa mtoto mwenye baba mvuvi.

Tukagawana kazi. Mama alikwenda serikali ya mtaa kuomba barua. Baba mdogo aliitwa kutoka Pangani kuja kuapa. Kaka alimbeba kwenye bodaboda kutoka ofisi hii hadi ile, bure, huku akipoteza abiria. Mimi nilijaza ombi la vyuo vitatu, maana tangu mwaka 2017 mwanafunzi anaomba moja kwa moja chuoni, na kila chuo kina ada yake ya maombi. Ombi la mkopo peke yake lilikuwa shilingi 30,000, zisizorudi hata ukikosa. Usajili wa kifo ulichukua siku 19. Ombi tuliliwasilisha kwa wakati likiwa na kiapo cha jina, na cheti cha kifo tukakiongeza baadaye dirisha la marekebisho lilipofunguliwa. Wakati huo orodha ya kwanza ya waliopangiwa mikopo ilikuwa imeshakaribia.

Alichaguliwa vyuo viwili. Kuthibitisha kimoja kunahitaji namba ya siri inayotumwa kwa ujumbe wa simu. Simu iliyoandikwa kwenye fomu ni ya kaka, na kaka alikuwa barabarani na abiria wa kwenda Pongwe. Binti alikaa kwenye benchi langu tangu saa nne asubuhi mpaka saa saba na nusu akitazama kila pikipiki inayokata kona.

Laki nne

Jina lake halikuwemo katika awamu ya kwanza ya mikopo, wala ya pili. Chuo kilikuwa kinafunguliwa, na chuo hakisubiri awamu. Alitakiwa kuripoti, mkopo ukiwa njiani au usiwe njiani.

Tulikaa yeye, mama yake na mimi, tukaandika kwenye nyuma ya karatasi ya kopi iliyoharibika. Karatasi hiyo ninayo mpaka leo. Nauli ya basi kutoka Kange, 30,000. Bima ya afya ya mwanafunzi, 50,400. Michango ya chuo ambayo mkopo haugusi, kitambulisho, usajili, umoja wa wanafunzi, 85,000. Kitanda cha hosteli kwa muhula, 120,000. Godoro, 65,000. Chakula cha wiki tatu kwa 3,000 kwa siku, 63,000. Jumla 413,400.

Naomba kiasi hicho kitazamwe vizuri. Posho ya chakula na malazi inayotolewa na Bodi, wanafunzi wanaiita bumu, ilikuwa 8,500 kwa siku kisha ikapandishwa kuwa 10,000, na inaingia kwa mafungu ya takriban miezi miwili. Bumu moja la siku 60, hata kwa kile kiwango cha 8,500, ni 510,000. Kwa hiyo fedha zote alizohitaji kuvukia zilikuwa chini ya bumu lake la kwanza mwenyewe. Hakuwa anahitaji msaada wa maisha, alihitaji kuvushwa wiki chache tu.

Zilipatikana hivi. Mama alikuwa kwenye mchezo wa wanawake 12, kila mmoja 10,000 kwa wiki, na zamu yake ilikuwa ya tisa. Akaomba abadilishiwe na mwenzake wa zamu ya tatu aliyekuwa amepanga kununua kabati. Yule mama alikubali, kabati likasubiri. Hapo zikapatikana 120,000. Kaka akatoa 100,000, zilizokuwa hesabu ya tajiri wake, yaani fedha za kumpelekea mwenye pikipiki, kwa kuwa pikipiki yenyewe ilikuwa ya mkataba. Tajiri alipokosa hesabu aliichukua pikipiki siku 11, na kwa siku hizo 11 kaka alibeba mifuko ya saruji. Baba mdogo, 50,000. Msikiti wa mtaani kwao ulichangisha baada ya sala ya Ijumaa, zikapatikana 60,000. Mimi nilitoa 50,000. Jumla 380,000.

Zikapungua 33,400. Binti akachukua kalamu mkononi mwangu, akachora mstari juu ya neno godoro. Hakusema kitu. Mama yake akasema, "Utachukua mkeka wangu." Ulikuwa mkeka wa ukindu, wenye rangi za zambarau na kijani, aliousuka mwenyewe akiwa eda. Uliviringishwa ukafungwa kwa kamba ya katani, ukapanda basi.

Muhula wa kwanza

Huko chuoni alilala juu ya mkeka ule kwenye chaga za kitanda wiki ya kwanza. Wiki ya pili mwanafunzi mwenzake wa chumbani, msichana wa Singida, akamwambia wabebane. Kubebana ni neno la wanavyuo: wawili, godoro moja. Walibebana mpaka bumu lilipoingia, wiki ya saba. Chakula cha wiki tatu kilikuwa kimekwisha zamani. Alipiga pasi ndefu, yaani alikula mlo mmoja jioni, akaunganisha hadi jioni ya pili. Jina lake lilikuwa limetoka awamu ya tatu, lakini toka kupangiwa hadi kusaini kuna taratibu zake.

Alifeli majaribio mawili katika wiki hizo, na mwisho wa muhula akapata sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia. Sasa hapa ndipo ninapokuwa na ubishi na baadhi ya wenzangu niliofundisha nao. Wao husema watoto wa shule za kata wanaingia chuo wakiwa dhaifu, ndiyo maana wanapata sapu. Mimi nilimfahamu huyu. Muhula wa pili, bumu likiwa linaingia na godoro likiwa lake, hakupata sapu hata moja, na alimaliza na GPA ya 3.6. Kilichofeli majaribio yale mawili ni njaa. Chuo kinaandika alama, hakiandiki sababu. Angepata sapu nne badala ya mbili, akadisko, yaani akaondolewa chuoni, leo angehesabiwa miongoni mwa walioshindwa masomo, na hakuna mtu ambaye angejua habari ya herufi K.

Wamarekani wana utafiti mmoja juu ya mambo haya ambao napenda kuutaja kwa vijana. Mwaka 2017 wachumi wakiongozwa na Raj Chetty walifuatilia wanafunzi zaidi ya milioni 30 kupitia kumbukumbu za kodi, wakatazama mapato ya wazazi wao na kisha mapato yao wenyewe walipokuwa watu wazima. Kipimo chao ni chepesi kueleweka: chuo kinaingiza watoto wangapi kutoka tabaka la chini kabisa la mapato, na kati ya hao wangapi wanafika tabaka la juu kabisa. Ukizidisha viwili hivyo unapata mchango wa chuo katika kuwapandisha watu. Vyuo vyenye majina makubwa, kama Harvard, vilionekana vinawapandisha wanaoingia, lakini wanaoingia kutoka chini ni wachache mno. Waliotia fora ni vyuo vya umma vya kawaida. California State University ya Los Angeles iliongoza: karibu 10 katika kila wanafunzi wake 100 walitoka tabaka la chini kabisa wakafika la juu kabisa. Na utafiti huo huo ulikuta kwamba vyuo vya namna hiyo, vinavyopandisha zaidi, ndivyo ambavyo watoto wa chini walikuwa wakipungua kuingia.

Nchi yao na yetu haziko sawa, na sina haja ya kuzilinganisha zaidi ya hapo. Kipimo chao ndicho ninachokitaka: kuingia mara kupanda. Mlango ukiwa mwembamba, hata ngazi iwe ndefu namna gani, jibu ni dogo. Katika kisa cha binti wa Sahare, mlango ulikuwa mwembamba kwa mahali ambapo si shule, si chuo wala si Bodi inayopaona kuwa ni pake. Mtihani ameshamaliza, kwa hiyo shule imemwachia. Hajasajiliwa, kwa hiyo chuo hakimjui. Hajapangiwa, kwa hiyo fedha hazijawa zake. Kwa wiki kama kumi na mbili mtoto yule alikuwa wa mama yake, kaka yake, mwenye zamu ya tatu ya mchezo, na benchi langu.

Mshahara

Alisoma ugavi. Alipofanya mafunzo kwa vitendo alirudi Tanga, akaomba nafasi kwa wakala wa forodha mmoja mdogo. Wakati ulikuwa mzuri. Zamani meli zilitia nanga mbali, shehena ikashushwa kwenye matishari na kuvutwa hadi gatini, kazi ya kuchosha na ya gharama, na mizigo mingi ilikwenda kwingine. Bandari ya Tanga imeboreshwa kwa mradi wa shilingi bilioni 429.1, kina kimechimbwa, na meli sasa zinafunga gatini. Mizigo imerudi, na mizigo inataka watu wa makaratasi. Vijana wengi hapa wameweka macho Chongoleani, kwenye mwisho wa bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Kaka yake ni mmoja wao. Yeye aliona kazi iko karibu zaidi, kwenye nyaraka za makontena.

Alihitimu mwaka 2025, akakaa nyumbani miezi minne, kisha wakala yule yule akamwita kwa mkataba wa mwaka mmoja, mshahara 450,000.

Alikuja kunionyesha karatasi ya mshahara wa kwanza. Nikavaa miwani. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10, 45,000. Kodi, baada ya kutoa hiyo NSSF na ile 270,000 ya kwanza isiyotozwa, 10,800. Makato ya mkopo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 67,500. Kilichobaki mkononi 326,700.

Kaka yake akipata siku nzuri, akishatoa hesabu na mafuta, anabaki na 12,000. Kwa siku 26 ni 312,000.

Nilikaa na hesabu hizo usiku ule bila raha. Miaka saba zaidi ya shule kuliko kaka yake, mkeka, njaa, sapu, na tofauti ya kipato cha mwezi ni 14,700. Mtu akiuliza kama chuo kikuu kimempandisha, nitamjibu nini? Nilichojiambia, na bado ndicho ninachoamini, ni kwamba mshahara wa mwezi wa kwanza hauonyeshi kitu kizima. Ile 45,000 haijapotea, na mwajiri naye anaweka ya kwake. Mvua ikinyesha wiki nzima, mshahara wake haulowi. Akiumwa ana bima. Deni lina mwisho, na siku litakapoisha 67,500 zitarudi mfukoni bila kuomba nyongeza. Na tangu mwaka 2021 ile tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo imefutwa, kwa hiyo anachokilipa sasa kinapunguza deni lenyewe. Nimewahi kuwaona waliomtangulia wakilipa miaka na deni likikua. Lakini siwezi kumwambia kaka yake kwamba dada amekuwa tajiri, na nisingependa mtu yeyote awaambie watoto wa Sahare hivyo. Kitu alichopata ni kipato kinachojulikana tarehe yake. Katika nyumba ile hakijawahi kuwepo tangu babu aliposhuka na manamba.

Na kwenye nyumba, fedha hizo zinakwenda wapi? 60,000 kwa mama, kila mwezi. Mama amepunguza jioni za kukaanga kutoka saba hadi tano. Nyingine kwa mdogo wake wa kiume aliyeko kidato cha tatu. Alipopata mshahara wa pili alipeleka msikitini 60,000 zile zile walizomchangia, akaomba zisiingie kwenye mfuko wa jumla. Kamati ikazitenga. Msimu huu zimemvukisha kijana mwingine, kijana naye amezirudisha bumu lilipoingia, na sasa watu wengine wameongezea. Ni daftari moja na kopo la maziwa lenye kufuli. Imamu naye amekubali jambo tuliloliomba: mwanamume akifariki, kabla watu hawajaondoka matangani, atauliza nani anakwenda kusajili kifo, na jina la huyo linaandikwa kwenye daftari la rambirambi, chini ya mtu wa sanda.

Nasikia wengi wakifurahia kampasi ya Chuo Kikuu Mzumbe ya Mkinga, mkoani kwetu, ya mradi wa HEET wa serikali wa kuboresha elimu ya juu kwa fedha za Benki ya Dunia. Nami nafurahi. Nauli itapungua, na labda mama atapeleka samaki Jumapili. Ila katika karatasi yangu ya hesabu, nauli ilikuwa 30,000 kati ya 413,400. Mtoto wa Sahare akipata chuo cha Mkinga bado atahitaji godoro, bima, michango na wiki saba za chakula, na bado Khamisi atakuwa na K.

Wiki iliyopita aliingia dukani saa sita, bado amevaa kitambulisho cha kazini shingoni. Alikuwa na yule mdogo wake wa kidato cha tatu. Akamwaga karatasi juu ya kaunta mwenyewe, kabla sijasema kitu: cheti cha kuzaliwa cha mdogo wake, cheti cha kifo cha baba yao, na kopi ya orodha ya majina aliyoiomba kwa mwalimu wa darasa. Akazipanga mstari. Akaweka kidole kwenye jina la baba, akakisogeza herufi kwa herufi, na mdogo wake akiwa ameinama pembeni yake akisoma kwa sauti.

"Hapa wameandika Hamisi," mdogo wake akasema.

"Naona. Usajili wa mtihani wa kidato cha nne haujaanza," akamjibu. Kisha akanigeukia. "Mwalimu, naomba kalamu."